Pamba Ndani ya Chumba cha Betri

Mpendwa baba,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haingii kwenye chumba cha betri bila kusalimia, hata kama amekuja kuleta lawama. Kwa hiyo naanza na shikamoo, nasubiri kidogo kana kwamba bado unafuta mikono, halafu naendelea.

Nakuandikia nikiwa ndani ya chumba chenyewe, nimekaa kwenye benchi la wateja. Nje unavuma ule upepo wa Sumbawanga uliokuwa ukiulalamikia kila mwaka kama mgeni aliyeshuka jana kutoka Tukuyu. Ulioa huku, ukazaa huku, ukazeeka huku, na upepo wetu hukuuzoea. Mama alikuwa anakuchokoza, "Mnyakyusa wa watu, mvua umeikulia, upepo unakushinda?" Leo nimevaa koti lako la kijani, lile lenye matundu mikononi, na linanibana mabegani kwa sababu mwanao amenenepa. Ungenicheka wiki nzima.

Ninachokumbuka zaidi ni Jumamosi, Jumamosi yoyote ile kabla sola hazijaingia. Watu walikuwa wanaanza kufika mapema kuchajisha, betri zimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, wengine wametoka vijijini kwao mama, huko uwandani, wengine wamelala njiani. Gari la Kirando, kule ziwani, lilijulikana kabla halijasimama, maana betri za wavuvi zilikuwa zinanuka dagaa, nawe ulikuwa unazipanga nje kwanza zipigwe upepo. Kila betri uliiandika kwa chaki jina la mwenyewe na la kijiji chake, ukayarudia ukutani. Mimi nilishika tochi ili uchungulie kwenye vile vitundu, uone maji yamefika wapi. Nikisogeza mwanga unasema, "Tulia, mama, hapa ndipo penye siri." Uliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yako, Sekela, na hata uliponigombeza uligombeza kwa adabu.

Unamkumbuka yule mfanyabiashara mkubwa wa mahindi aliyeingia na sigara mdomoni? Watu wote benchini walikugeukia. Wewe hukupandisha sauti. Uliitoa betri yake kwenye chaji, ukaibeba mwenyewe hadi nje, ukaiweka karibu na gari lake na kumwambia, "Ndaga fijo, asante sana, mzee, lakini mimi na sigara hatukai chumba kimoja." Alirudi wiki iliyofuata, sigara ameiacha garini, na tangu hapo akawa rafiki yako.

Ni siku hiyo nilipokuuliza kwa nini sigara ina makosa makubwa hivyo. Nilikuwa nimeshazoea kusikia betri zikichemka bila moto, vile viputo vinavyonong'ona mchana kutwa, lakini sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini. Hukunijibu kwa maneno. Ulichukua mpira wa dripu, ukauchomeka kwenye tundu la betri iliyokuwa imeshiba chaji, ncha ya pili ukaitumbukiza kwenye beseni la povu la sabuni. Povu likajaa viputo. Ukalibeba beseni hadi katikati ya uwanja, ukafunga njiti ya kiberiti inayowaka kwenye ncha ya bua la hindi, ukaunyoosha moto kwa mbali mpaka kwenye povu. Mlio wake ulinifanya nikae chini. Mama alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Baba Sekela, unataka kuniulia mtoto?"

"Namsomesha," ulisema, bua bado mkononi. Kisha ukaniinamia. "Maji yakipata umeme yanagawanyika. Kinachotoka pale kinawaka. Kila siku tunakitupa dirishani."

Tunakitupa dirishani. Hayo maneno yalinikaa. Nilipofika chuo kikuu wenzangu walinitania kwamba mtu wa Sumbawanga, kwa sifa yetu ya uchawi, hahitaji maabara, ataita radi na kazi itakwisha. Nilicheka nao. Sikuwaambia kwamba niliposoma kwenye kitabu jinsi maji yanavyogawanywa kupata haidrojeni, nilikuwa nimeshaiona ikipasuka kwenye beseni la kufulia nguo, na kwamba mwalimu wangu wa kwanza alikuwa amevaa suruali yenye matundu.

Hizo suruali zako sasa. Mama alikuwa anazishona kwa hasira. Tone moja tu la maji ya betri likikudondokea hulioni, lakini siku ya kufua kitambaa kinatoka na dirisha. Alishona viraka, viraka vikatobolewa, akashona viraka juu ya viraka, mpaka siku moja akakutupia suruali usoni na kusema amechoka kumvalisha mwanaume wavu wa dagaa. Ulikwenda mnadani ukarudi na suruali za tetroni, kile kitambaa cha nyuzi za plastiki, zile zinazong'aa magotini, na kweli asidi haikuzifanya kitu. Ulifurahi sana. Ukatunga sheria nyumbani: pamba ni ya kanisani, tetroni ni ya kazini. Ulimwambia kila fundi aliyekuja kujifunza kwako. Mimi mwenyewe niliikariri kabla sijajua sala ya jioni.

Halafu sola zikaingia. Sikuwepo zilipoanza, nilikuwa masomoni, lakini kila nilipokuja likizo niliona benchi limepungua. Baiskeli za vijijini ziliacha kuja. Baadaye hata gari la Kirando likaacha, wavuvi wakawa na sola zao ufukweni. Hukulalamika kama ulivyoulalamikia upepo. Uliendelea kufungua chumba kila asubuhi, ukawasha redio, ukafagia, ukakaa. Mama alinidokeza jikoni kwamba kuna siku hakuja hata mmoja na bado ulifunga jioni ukanawa mikono kwa sabuni. Mwishowe ukanunua sola moja wewe mwenyewe, ukaiweka juu ya bati, ukasema adui yako umfunge karibu.

Nilirudi hapa kufundisha chuo cha ufundi, nikakueleza ninachotaka kutengeneza, gesi ya kupikia inayotokana na maji. Nakumbuka ulivyozima redio ili unisikilize. Nilikwambia kwamba ili kugawanya maji unahitaji elektrodi, yaani vile vipande viwili vinavyopeleka umeme ndani ya maji, na kwamba wakubwa wanatumia madini ya bei mbaya, au bamba zito la nikeli ambalo mtu wa hapa hawezi kulinunua. Nikasema mimi nataka kutumia kitambaa. Unakichovya kwenye dawa zake mpaka kila uzi unakamata utando mwembamba wa nikeli. Nyuzi ni nyingi, kwa hiyo umeme unapata mahali pengi pa kufanyia kazi, na nikeli inayotumika ni kidogo mno. Kikichoka unakata kingine kwa mkasi.

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kitambaa? Mama, hujaziona suruali zangu?"

Nikakueleza kwamba hata hiyo nikeli ingeliwa na asidi, kwa hiyo kwangu haingii asidi. Maji yangu ninayatia kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ili umeme upite. Ukatikisa kichwa. Ukasema maji makali ni maji makali. Kisha, kwa kuwa hukuwahi kunikatisha tamaa hata siku moja, ukaongeza, "Basi kama lazima kiwe kitambaa, walau kiwe tetroni."

Huo ndio ushauri wa mwisho wa kikazi ulionipa. Mvua za kwanza hazijakolea, presha ikakuchukua. Tulikusafirisha hadi Tukuyu kama ulivyotaka, tukakulaza kwa baba zako kwenye migomba. Pazuri, kijani mpaka machoni panauma, na ni mbali sana na hapa. Tuliporudi, mama alishuka kwenye gari akapita moja kwa moja mlango wa nyumba, akaja kufungua chumba hiki na kukaa kwenye hili benchi na kanga yake ya msiba. Nilimwachia.

Nami nikaanza kazi humu, na nikakutii. Nilinunua tetroni nzuri, nene, nikaipaka nikeli, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji ya kostiki, nikaunganisha nyaya kutoka kwenye sola yako. Viputo vilianza kutoka palepale, na ule mnong'ono ukarudi chumbani. Mama alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliacha kupepeta, akasikiliza.

Watu walikuwa wanapanda mahindi wakati baba mdogo Ambokile alipokuja kutoka Mbeya kuzungumzia mambo uliyoyaacha. Hakuja kwa ubaya, nataka ujue hivyo. Mdogo wako ni mtu wa hesabu zake, na alikuwa ameshampata kijana wa kufungua duka la simu, kwa sababu chumba kinatazama barabara. Nilimwambia nakitumia. Akaomba kuona. Basi nikamleta humu kwa majivuno, nikavaa glavu, nikashika kitambaa changu kukitoa kwenye maji, kikabaki vidoleni kama mlenda. Ile nikeli ikaelea vipandevipande. Kitambaa hakikuwepo tena.

"Shemeji," baba mdogo akamwambia mama, kwa upole kabisa, "mtoto ana elimu yake, simkatalii. Ila chumba hakiwezi kukaa kwa ajili ya uji."

Nilikuwa nimesimama pale nadondosha maji sakafuni. Nilichokiona mbele yangu si duka la simu, niliona watu wakipaka rangi ukutani juu ya chaki zako. Kaburi lako liko safari ya siku nzima kutoka hapa. Sisi wa huku tulikuwa na chumba hiki tu.

Mama alitufunga midomo wote wawili. "Shemeji, atatia kitambaa kingine. Kikikaa kwenye hayo maji mpaka ulezi uvunwe, chumba ni chake. Kikioza, mpangishe huyo kijana, nami sitasema neno." Akachukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Baba mdogo akakubali. Hakuna anayebishana na Mfipa kama mama akishataja ulezi, nafaka ya babu zao.

Alipoondoka nilikaa nikafikiri ni nini kimekula kitambaa kigumu namna ile. Baba, haikunichukua muda, na hapo ndipo nilipoanza kucheka peke yangu. Asidi inakula pamba na kuiacha tetroni. Kostiki inafanya kinyume chake, inakula tetroni na kuiacha pamba. Hilo nimelisoma, nimelifanyia mtihani, nimelifaulu. Na bado niliponyoosha mkono dukani niliamini suruali zako kuliko vitabu vyangu. Huko nilikosoma hakuna mwingine ambaye angekosea hivyo, maana hakuna mwingine aliyelelewa kwenye sheria ya tetroni ya kazini. Sheria yako ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya kweli humu ndani tu, kwenye betri zako. Nilipomaliza kucheka nilikukasirikia kidogo kwa kufa bila kusikia hili. Tungelibishania mwezi mzima.

Nikanunua merikani, ile pamba nzito isiyo na rangi. Niliifua, nikaichemsha itoke wanga wa kiwandani, nikaichovya taratibu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu nikeli ikiwekwa kwa pupa viputo vinaisukuma na kuibandua. Nikapinda kingo kwa cherehani ya mama ili zisifumuke. Mvua ilipokuwa imeshika kweli, merikani ikaingia majini.

Kuishi na ndoo si kazi rahisi. Mawingu yakitanda sola inalala, kitambaa kinakaa kwenye kostiki bila umeme, na huko ndiko kuchakaa kwenyewe. Jua likichomoza ghafla viputo vinakuja kwa fujo. Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni niliongeza maji, maana yanayogawanyika hayarudi. Mama alikuwa anapita mlangoni na ndoo zake za maji ya kunywa na kuuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Namjibu, "Amelala salama." Hatukuzungumza zaidi ya hapo, lakini alikuwa anauliza kila siku, na mimi nikajua si kitambaa tu anachouliza.

Mahindi yalipobeba, baba mdogo alipita tena, akiwa njiani kwenda Kabwe kwenye biashara yake ya samaki. Nilipomwonyesha ndoo nikakuta pindo la kitambaa limeachia lote, linaning'inia majini. Baba mdogo akasema, "Naona kimeshaanza kuoza." Nikakivuta mpaka juu, nikatazama kwa karibu. Merikani ilikuwa nzima. Kilichoyeyuka ni uzi wa cherehani. Uzi wa dukani, baba, siku hizi wote ni tetroni.

Mama aliitwa kuamua. Alivaa miwani yake na glavu zangu, akakishika kitambaa kwenye kona na kuuliza, "Kilichooza ni kitambaa au ni uzi?"

"Ni uzi, mama."

"Tulikubaliana nini, shemeji?"

"Kitambaa," alisema baba mdogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu humu ndani. Alitabasamu kama wewe, upande mmoja, nikalazimika kutazama pembeni. Baada ya hapo nilifumua nyuzi kutoka kwenye kipande cha merikani yenyewe, nikazichovya, nikapinda kingo upya kwa mkono, mishono mibaya ambayo mama asingeiruhusu kwenye nguo ya mtu.

Ulezi umevunwa. Mama alikwenda kwao kusaidia kukata masuke, akarudi na mfuko begani na vumbi kwenye nyusi. Hakukaa hata kunywa chai. Alisema, "Kitoe." Nikazima umeme, nikavaa glavu, nikakitoa, nikakisuuza kwenye maji mengi mara nyingi mpaka kikaacha kuteleza. Akakipokea. Alikishika kwa mikono miwili akakivuta kwa nguvu, vile anavyopima shuka la mtumba mbele ya muuzaji, kwa marefu kisha kwa mapana, akakinyanyua kwenye dirisha aone kama mwanga unapita mahali usipotakiwa. Nikeli ilikuwa imekwaruzika sehemu za kona, nakwambia ukweli. Na gesi inayotoka bado haitoshi kuchemsha hata chai ya mgeni. Lakini kitambaa kilikuwa kitambaa. Akanirudishia, akafungua pindo la kanga, akaniwekea ufunguo mkononi.

Nilidhani ataingia jikoni. Aliingia chumbani kwake akaanza kukunja nguo.

Nilimfuata nikamuuliza anafanya nini. Alikuwa ameinama juu ya sanduku, hakugeuka. "Narudi kwetu. Kaka zangu wamenipa shamba." Nikasema, mama, tumeshakipata chumba, hakuna wa kututoa. Ndipo akakaa kitandani. "Kaburi lake liko Tukuyu, mimi siwezi kukaa Tukuyu. Nilikuwa nakaa na chumba chake. Nisingeweza kukiacha peke yake. Sasa kina mtu."

Baba, mimi nilipigania chumba ili nyumba ibaki kama ilivyokuwa. Msimu mzima alivyokuwa ananiuliza mgonjwa ameamkaje, alikuwa anasubiri nishinde ili aweze kuondoka. Simlaumu. Ameondoka Jumatatu na gari la vijijini, mbegu zake za ulezi amezipakata, na kabla gari halijaondoka alichungulia dirishani akaniambia nile vizuri. Alionekana mdogo kwa umri, kama kwenye ile picha yenu ya harusi.

Jana kitambaa kilirudi majini na kikafanya kazi vizuri kuliko siku zote. Jua lilikuwa kali, viputo vilikuwa vidogovidogo na vingi, vile unavyovitaka. Nilitoka mbio kwenda jikoni kumwambia mama, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kabla sijaona kwamba jiko halijawashwa.

Sikulia Tukuyu, wakasema nina moyo mgumu. Nimelia jana, nimesimama kwenye mlango wa jiko na glavu mkononi.

Pumzika, baba, huko kwenye migomba yenu isiyo na upepo. Pamba imedumu. Nimetaka kukuambia hilo tangu ulipoondoka, na sasa nimekwisha kukuambia, na sijui kesho nitamwambia nani.

Ni mimi, binti yako,
Sekela